Kwa nini hakimu hulipeleka swali la Katiba Mahakama Kuu

Tuseme umeshuka kutoka Kolero au Nyandira alfajiri, bodaboda kwanza, kisha gari, ili uwahi shauri lako. Linaitwa. Kabla shahidi wa kwanza hajaapa, upande wa pili unasimama na kusema kwamba sheria inayotaka kutumika hapa inavunja Katiba. Hakimu anaandika, anauliza maswali mawili matatu, anausikiliza na upande wako, halafu anatamka kwamba shauri linasimama na swali hilo litapelekwa juu. Mnatoka nje mkiulizana. Mmoja anasema hakimu ameogopa, mwingine anasema kuna mkono wa mtu.

Mara nyingi hakuna mkono wa mtu. Hakimu anafanya kile ambacho sheria imemwagiza. Makala hii inaeleza agizo hilo limetoka wapi, lina faida gani, na linamgharimu nini mwananchi anayesubiri.

Katiba inasemaje

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 haikuwa na sura ya haki za binadamu ilipoanza. Haki hizo ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, nazo ndizo tunazozisoma leo kuanzia ibara ya 12 hadi ya 29: usawa mbele ya sheria, haki ya kuishi, uhuru wa mtu binafsi, haki ya kumiliki mali na nyingine. Serikali iliomba muda wa kusafisha sheria zake za zamani, kwa hiyo wananchi walianza kuzidai haki hizo mahakamani mwezi Machi 1988.

Baada ya haki hizo inakuja ibara ya 30. Hiyo inasema mtu anayedai kwamba haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu. Haikutaja Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya wala ya Hakimu Mkazi. Mamlaka ya kulisikiliza jambo hilo kwa mara ya kwanza yamewekwa Mahakama Kuu.

Lakini maisha hayafuati mpangilio wa vitabu. Mtu haamki asubuhi na kusema leo nakwenda kudai ibara ya 13. Anakamatwa, anashtakiwa, au anagombania mirathi ya marehemu baba yake, na akiwa katikati ya kesi ya kawaida ndipo anagundua kwamba sheria inayombana ina walakini. Mwaka 1994 Bunge lilitunga sheria ya kusimamia utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, ile inayoitwa Sura ya 3, na kifungu chake cha 9 kiliwekwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Kinasema kwamba likizuka swali la kuvunjwa kwa ibara ya 12 hadi 29 katika shauri lililoko mahakama ya chini, hakimu atalipeleka swali hilo Mahakama Kuu liamuliwe.

Yapo mambo mawili yanayoweza kumzuia asilipeleke. La kwanza ni pale wenye shauri wenyewe wanapokubaliana lisipelekwe. La pili ni pale hakimu anapoona swali limeletwa kwa mzaha au kwa nia ya kusumbua tu, mathalani mdaiwa ameshaishiwa hoja na anataka kesi ichelewe. Hilo la pili linaeleweka kwa urahisi. Hilo la kwanza, kwa maoni yangu, linahitaji uangalifu, kwa sababu mtu asiye na wakili anaweza kukubali jambo ambalo hakulielewa. Ukiulizwa mahakamani kama unakubali swali lisipelekwe, omba uelezwe kwanza maana yake.

Kwa Mahakama ya Mwanzo ipo ngazi moja zaidi. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo halipeleki swali moja kwa moja Mahakama Kuu. Analipeleka Mahakama ya Hakimu Mkazi, nayo inaangalia kama kweli kuna jambo la kupelekwa. Likionekana lipo, ndipo linapanda.

Kinachopanda ni swali, kesi inabaki

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kupeleka swali si kuhamisha kesi, wala si kukata rufani. Rufani huja baada ya hukumu, pale aliyeshindwa anapodai hakimu amekosea. Hili linakuja kabla ya hukumu, na hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa bado.

Jaji hataulizwa kama ng'ombe alikuwa wa Fulani au kama wosia uliandikwa na marehemu mwenyewe. Hayo yanabaki kwa hakimu aliyewasikia mashahidi. Mahakama Kuu inaulizwa jambo moja: je, sheria hii, au kitendo hiki, kinapatana na Katiba? Ikishajibu, jalada linarudi kule lilikotoka na hakimu anamaliza shauri kwa kufuata jibu hilo. Sheria inamfunga alifuate, hata kama yeye binafsi alikuwa na mawazo mengine.

Huko juu swali halisikilizwi na jaji mmoja. Sheria ya 1994 inataka majaji watatu, na uamuzi ni wa walio wengi. Jaji mmoja anaweza tu kufanya kazi ya mchujo, yaani kuangalia kama jambo linafaa kusikilizwa au ni usumbufu.

Kwa nini hakimu asiamue mwenyewe

Chukua sheria moja iliyotungwa na Bunge, inayotumika nchi nzima. Hakimu wa Kilosa anasema inavunja Katiba, hataitumia. Hakimu wa Mvomero anasema haina tatizo. Wa Gairo bado anafikiri. Mkazi wa Kilosa ataachiwa na wa Mvomero atafungwa kwa kosa lile lile, na wote wawili wako katika mkoa mmoja. Uamuzi wa hakimu mmoja haumfungi hakimu mwenzake. Uamuzi wa Mahakama Kuu unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, na wa Mahakama ya Rufani unazifunga zote, Mahakama Kuu ikiwemo.

Pili, kuna suala la nani anasikilizwa. Katika shauri la Mahakama ya Mwanzo mko wawili: wewe na jirani yako. Lakini sheria ikifutwa itawagusa mamilioni ya watu ambao hawamo chumbani, na Serikali iliyoipeleka Bungeni haimo pia. Swali likifika Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anapata nafasi ya kueleza kwa nini sheria ile ilitungwa. Pengine ana sababu nzuri ambayo ninyi wawili hamkuijua. Pengine hana, na hilo nalo litaonekana.

Tatu, Bunge limechaguliwa na wananchi. Kutengua kilichopitishwa na Bunge ni jambo zito, na nchi nyingi hazitaki lifanywe na mtu mmoja asubuhi moja kati ya kesi ya wizi wa kuku na ya matusi. Katiba yetu imeweka hata njia ya kati: ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Hilo lilifanyika katika shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba, na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule Oktoba 2019. Shauri hilo halikupandishwa na hakimu, lilifunguliwa moja kwa moja Mahakama Kuu. Lakini linaonyesha aina ya amri ambayo hakimu wa wilaya hana uwezo wa kuitoa.

Shamba la ukoo la Muleba

Haikuwa hivi siku zote. Kesi inayotajwa sana katika vyuo vyetu vya sheria, ile ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ilianzia Mahakama ya Mwanzo huko Muleba, Kagera, miezi michache tu baada ya wananchi kuanza kuruhusiwa kudai haki zao. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alikwenda mahakamani akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo, ingawa mwanamume angeweza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye.

Mwanamke alikata rufani Mahakama ya Wilaya. Hakimu wa pale hakuuliza mtu. Alisoma haki ya usawa iliyoko kwenye Katiba na kutengua hukumu ya Mahakama ya Mwanzo. Mpwa alipanda Mahakama Kuu Mwanza, na mwanzoni mwa 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa peke yake, alikubaliana na yule hakimu: mila inayompa mwanamume haki ya kuuza na kumnyima mwanamke ni ya kibaguzi. Wanaume na wanawake wa ukoo wakawa sawa, na ukoo ukabaki na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kulipa bei yake.

Jaji huyo huyo, peke yake tena, ndiye aliyesema katika shauri la Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, kwamba kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichomnyima dhamana hakikupatana na Katiba. Mahakama ya Rufani, mwaka 1991, ilikubali kwamba aya ile iliyobishaniwa, 148(5)(e), ilikuwa batili.

Miaka mitatu baadaye ikaja sheria ya 1994 na majaji wake watatu. Wapo wanasheria wanaosema ililetwa ili kuweka utaratibu mahali ambapo hapakuwa na utaratibu. Wapo wanaosema ililetwa ili mambo yaende polepole. Ukizisoma kesi zile za mwanzo na zilizofuata, huoni ugumu wa kuamini kwamba pande zote mbili zina sehemu ya ukweli.

Na kwetu Uluguru?

Huku milimani mambo ya ukoo yanakwenda kinyume na Uhayani. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Shamba la ukoo la mwanamume aliyefariki, kwa mila, linaelekea kwa wapwa wake, watoto wa dada zake, na watoto wake mwenyewe wanatazamwa kama watu wa ukoo wa mama yao. Tufikiri basi shauri la mirathi, la kubuni, katika Mahakama ya Mwanzo: wapwa wanasema mjomba ametuachia, mjane na watoto wake wadogo wanasema tunafukuzwa kwenye shamba tulilolilima na marehemu miaka kumi na tano. Mjane anasimama na kusema, "Mheshimiwa, mila hii inatubagua, na Katiba inakataza ubaguzi."

Je, hakimu atalipandisha swali siku hiyo hiyo? Hakimu makini atauliza kwanza maswali madogo. Shamba hili ni la ukoo kweli, au marehemu alilinunua? Kuna wosia? Marehemu alikuwa akiishi kwa mila, au kwa taratibu za dini yake? Mara nyingi jibu la swali moja kati ya hayo linamaliza ugomvi, na Katiba haina haja ya kuguswa.

Halafu ataangalia kama kuna sheria ya kawaida inayotosha. Kwa mfano huu ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema kanuni ya mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Bunge limeshalijibu swali. Kulipeleka kwa majaji watatu kungekuwa kumchelewesha mjane bila sababu. Ndiyo maana hata Mahakama Kuu yenyewe inakatazwa na sheria ile ya 1994 kutumia mamlaka yake kama mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu.

Swali linalostahili kupanda ni lile ambalo bila kulijibu shauri haliwezi kumalizwa kwa haki: sheria iko wazi, inakugusa, haina tafsiri nyingine, na ukiiweka pembeni ya Katiba vinagongana. Sio kila anayesema neno "Katiba" ana swali la Katiba. Askari akikukamata bila kukwambia kosa, au hakimu akitoa amri bila kukusikiliza, hapo sheria yenyewe inaweza kuwa nzuri na kosa likawa la mtu. Kosa la mtu husahihishwa kwa njia za kawaida, yaani malalamiko, marejeo au rufani.

Kuhusu ardhi kuna jambo la kuongeza. Migogoro ya umiliki siku hizi inapitia Baraza la Kata na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambayo ni mabaraza na si mahakama za mahakimu. Anayeona sheria ya ardhi inamnyang'anya haki anaweza kwenda mwenyewe Mahakama Kuu. Wakulima wawili wa kijiji cha Kambi ya Simba, baba na mwanawe, walifanya hivyo. Walikuwa wamerudishiwa shamba lao na Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha mwaka 1990, kisha mwaka 1992 ikatungwa sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji, ikanyima fidia na kufunga mlango wa mahakama. Mahakama ya Rufani, mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na baadhi ya vifungu vya sheria ile vikaanguka. Kila mkulima wa Mgeta au Matombo asiye na hati anasimama juu ya uamuzi ule, hata kama hajawahi kuusikia.

Gharama ya kusubiri

Utaratibu huu una upande wake mchungu. Jalada likipanda, kesi inasimama. Kama ni kesi ya madai, shamba linakaa bila kujulikana ni la nani. Kama ni ya jinai na mshtakiwa hana dhamana, anasubiri mahabusu.

Jirani zetu wa Uganda wana utaratibu unaofanana. Katiba yao, ibara ya 137, inaitaka mahakama ipeleke swali la tafsiri ya Katiba kwa Mahakama ya Katiba endapo mmoja wa wenye shauri ataomba. Mwaka 2011 Thomas Kwoyelo, kamanda wa zamani wa waasi wa LRA, alifikishwa mbele ya kitengo cha makosa ya kivita mjini Gulu. Swali la kama anastahili msamaha uliowekwa na sheria lilipelekwa Mahakama ya Katiba, ambayo ilimpa ushindi mwezi Septemba mwaka ule ule. Serikali ikakata rufani, na Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo Aprili 2015. Hukumu ya kesi yenyewe ilikuja 2024. Miaka yote hiyo haikuliwa na swali la Katiba peke yake, lakini minne ya kwanza ilikuwa yake.

Wala jibu likija si lazima liwe ulilolitaka. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema mwezi Mei kwamba kifungu cha makosa yasiyo na dhamana kinavunja Katiba. Mwezi Agosti Mahakama ya Rufani ikasema hapana, kifungu kibaki. Mahabusu walifurahi kwa wiki chache tu.

Kwa wakazi wa Morogoro umbali angalau umepungua. Zamani jalada la namna hii lilisafiri hadi Mahakama Kuu Dar es Salaam, kilomita kama 190. Tangu 2021 Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Morogoro, ndani ya Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, na mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Anayeshuka kutoka Kinole anaweza kwenda kumsikiliza jaji na kurudi nyumbani siku ile ile.

Ukiwa na swali lako

Huhitaji Kiingereza wala maneno makubwa. Mweleze hakimu ni sheria gani inakubana, ni haki gani ya Katiba unayoona imeguswa, na imekugusa wewe kwa namna gani. Lisemwe mapema, kabla ushahidi haujafungwa. Omba liandikwe kwenye mwenendo wa shauri, maana kisichoandikwa huko juu hakijulikani. Hakimu akikataa kulipeleka, aeleze sababu, nayo iandikwe.

Mlango wa kwenda mwenyewe Mahakama Kuu bado upo, ila tangu mabadiliko ya 2020 mwombaji anatakiwa kuapa jinsi jambo lilivyomgusa yeye binafsi. Kwa asiye na uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ofisi ya mtendaji wa kata au ustawi wa jamii wilayani wanaweza kukuelekeza walipo.

Na kama swali limeshapelekwa, usiache kufuatilia tarehe kule chini. Shauri limesimama lakini halijafutwa. Linaendelea kutajwa, na siku jalada litakaporudi hakimu ataliita kwa namba ile ile uliyopewa mwanzo.